Gauni la Altare

Mume wangu Baltazari ana sikio moja tu linalofanya kazi, la kulia. La kushoto liliharibiwa na homa akiwa mtoto kule Karema. Tangu nilipoolewa naye nimejifunza kukaa upande wake wa kulia, kutembea upande huo huo, na nikiwa na la kumsengenya nahamia kushoto. Mpanda nzima inajua. Katekista anajua, Mhindi wa dukani anajua, hata mbuzi wa jirani nadhani wanajua. Aliyekuwa akisahau ni mtu mmoja tu, binti yetu Imakulata, na alisahau kwa sababu ya haraka. Huyo mtoto alizaliwa ana haraka. Mkunga alipofika alimkuta ameshatangulia.

Sasa sikilizeni, maana kila mtu hapa mjini anaisimulia habari hii anavyotaka, na wote wanakosea.

Ilikuwa mwaka ule Malkia wa Waingereza alipotawazwa. Wakubwa walitangaza sherehe, Jumamosi iwe dansi, santuri na spika vitoke mgodini. Imakulata alikuwa yaya kwa Mzungu mmoja huko huko mgodini, na jioni moja alirudi nyumbani macho yanamwaka.

"Mama, leo nimeona gauni la memsahibu! Halina mikono. Halina mgongo."

"Halina mgongo? Basi hilo si gauni, hiyo ni aproni."

"Mama bwana! Mbele limefunika vizuri tu. Halafu kuna mikanda miwili, inatoka hapa kifuani, inapanda, inafungwa nyuma ya shingo. Basi. Mabega yote nje."

"Na fundo likifunguka?"

"Halifunguki."

"Kila fundo linafunguka, mwanangu. Mke wa fundi cherehani ndiye anayekwambia."

Akacheka, akaniambia memsahibu analiita halta. Akalitamka mara nyingi, halta, halta, kama mtu aliyeweka pipi mdomoni. Akasema naye anataka lake, la dansi, na kitambaa ameshanunua, poplini nyeupe. Nikamuuliza anataka nini hasa na mabega nje mwezi wa sita, na baridi hii. Ndipo alipoacha kucheka.

"Nataka Hilari anione, mama. Anione mpaka asahau kuona haya."

Jamani, huyo Hilari! Ngoja niwaambie habari zake. Alikuwa mrina asali wa Inyonga, kijana mrefu, safi, mchapakazi, anayesali, na ulimi mzito kama gogo lililolowa. Mara ya kwanza alikuja kwetu kumletea Baltazari nta. Fundi anapaka nta kwenye uzi ili upite vizuri kwenye kitambaa usikatike, na kipande cha ukubwa wa kiganja kinamtosha muda mrefu. Hilari alileta kipande. Aliporudi mjini akaleta kingine. Akaleta tena. Tukawa na nta ya kuwasha mishumaa ya Pasaka ya jimbo zima. Anafika, "Shikamoo baba, shikamoo mama," anaweka nta yake mezani, anakaa, anapewa maji, anatueleza habari za nyuki. Imakulata akipita, anatazama miguu ya Imakulata. Halafu anasimama: "Haya, mimi naenda." Mara ngapi nilitamani kumrushia mwiko!

Lakini ningefanya nini? Kwetu mwanamume ndiye anayeanza. Anamtuma mshenga, mshenga anakuja na maneno yake ya kuzunguka, sisi tunajifanya hatuelewi, mambo yanakwenda. Msichana hawezi kwenda kusema mimi nakutaka. Mama yake hawezi. Baba ndiyo kabisa, baba hata kumuuliza binti yake habari ya mchumba ni aibu. Hayo ni mambo ya mama na mashangazi, baba anasubiri kuambiwa.

Na muda ulikuwa umekwisha. Hilari mwenyewe alitwambia, siku hiyo hakuzungumzia nyuki hata kidogo. Alisema mama yake kule Inyonga amemtafutia msichana, mlimaji hodari, na akirudi kutoka porini Ugalla safari hii, msimu wa kurina ukiisha, anataka jambo limalizike. Alisema hivyo akiwa amekodolea macho kikombe. Nikamwona mwanangu ameshika mlango. Basi Jumamosi ya dansi ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho, baada ya hapo Hilari anaingia porini, akitoka porini anakuwa mume wa mtu.

Kwa hiyo sikumkataza halta yake. Nilimwambia, nenda kamwambie baba yako.

Akaenda kumwambia. Baltazari alikuwa barazani kwake, cherehani inalia, na Imakulata kachelewa kazini. Akatupa kitambaa mezani, akainama upande gani? Upande wa kushoto, naam. "Baba, nishonee gauni la halta, jeupe hili, nalitaka kabla ya Jumamosi!" Akakimbia.

Mimi wakati huo nilikuwa uani natwanga, sikujua lolote. Nilichojua ni kwamba tangu siku ile mume wangu alibadilika. Akinyamaza, ananyamaza kweli. Nikampikia mgebuka, samaki anayempenda kuliko mimi, akamega matonge mawili akanawa. Nikamuuliza, anaumwa? Haumwi. Nikamuuliza kama nimemkosea.

"Wewe unajua," akasema.

"Najua nini?"

"Unajua, Mama Imakulata. Nyie wanawake mnajua yote. Mimi nimezoea kuambiwa mwishoni."

Nikamwacha. Mwanamume akinuna bila sababu, mwache, njaa itamrudisha. Nilimwona anashona kitu cheupe, taratibu, anashona anafumua, anashona tena, na kila nikipita anakikunja. Nikauliza hiyo ni nini.

"Ya altare," akajibu kwa mkato.

Sikushangaa. Misheni walikuwa wakimletea vitambaa vya altare, vya kutandika meza ya misa kanisani, siku zote, na makanzu ya watumishi. Nikafikiri labda ni vya sikukuu ya Watakatifu Petro na Paulo. Kilichonishangaza ni kumwona amefungua kasha lake la bati na kutoa lesi. Lesi ile aliinunua Tabora Imakulata alipobatizwa, akaiweka, na hata siku moja hakukubali niiguse. Nikasema moyoni, kweli mzee wangu sasa anamcha Mungu.

Kumbe wapi! Siku moja katekista Silvesta alipita barazani, akauliza nguo nzuri hivyo ya nani. Baltazari akamjibu, "Ya altare. Ya Imakulata." Silvesta akashangaa, akasema mbona hawajaja kuandikisha matangazo ya ndoa. Baltazari akamwambia amuulize mama wa binti, ndiye mwenye siri. Silvesta hakuniuliza mimi. Alikwenda kumuuliza mkewe, mkewe akamuuliza jirani yetu Dafrosa, na ukimwambia Dafrosa jambo umeiambia stesheni ya treni na abiria wake.

Ijumaa Hilari akaja na nta yake. Nilimwona kwa mbali nikitoka kisimani. Alisimama barazani na Baltazari, hakukaa. Nikamwona anaweka nta mezani kwa mikono miwili, anainamisha kichwa, anashuka. Tulikutana njiani.

"Mbona hukukaa, Hilari? Maji hayo hapa, nimetoka kuyachota."

"Hapana, mama. Hongereni sana." "Kesho asubuhi napanda lori la Inyonga."

"Na dansi?"

"Dansi ni ya wenyewe, mama."

Hongereni ya nini? Nikafika nyumbani na ndoo kichwani bado nawaza, na papo hapo Imakulata anaingia kutoka kazini, anapiga kelele tangu njiani. "Baba, limekwisha? Nipe nilijaribu!"

Baltazari akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili, na ilikuwa Ijumaa. Akalifunua gauni lile kwenye mikono yake kama anayebeba mtoto mchanga.

Lo! Sijaona gauni zuri namna ile hapa Mpanda, na nasema hivyo mimi niliyemkasirikia. Mikono mirefu mpaka kwenye viganja. Kola imepanda mpaka kidevuni, na lesi ya Tabora imeizunguka yote. Vifungo vidogo vidogo mgongoni, na mkia nyuma wa kufagia kanisa zima. Hapakuwa na sehemu ya mwili ambayo mbu angepata.

Imakulata akashika kola kwa vidole viwili. "Baba, hili ni nini?"

"Gauni lako."

"Mimi nilisema halta!"

"Ndiyo. Altare."

"Halta, baba!"

"Kwani mimi nasemaje? Altare!"

"HAL-TA! La dansi! La kufunga hapa!" Akajipiga kisogoni, machozi yanamtoka.

Baltazari akanigeukia, mara ya kwanza wiki ile kunitazama usoni. "Mama Imakulata, huyu mtoto haolewi?"

Hapo ndipo yote yaliponiingia kwa pamoja, mgebuka, lesi, katekista, hongereni. Nikaweka ndoo chini. Nikataka kucheka, nikataka kumpiga mtu. "Baba Imakulata, Hilari umemwambia nini?"

"Aliuliza nguo ya nani. Nikasema ya altare, ya Imakulata." Sauti ikapungua. "Nilifikiri ndiye anayemuoa. Nilidhani anauliza kwa haya tu. Nikasubiri acheke. Akasema hongera."

Imakulata hakupiga kelele tena. Alikaa chini pale pale kwenye vipande vya vitambaa. "Ameondoka, mama," akasema. "Anaondoka anajua mimi ni wa mtu mwingine."

Nakwambia, uchungu wa mwanao unaingia mpaka kwenye mifupa. Nilimmwagia mume wangu kichwani maneno yote niliyoyajua ya Kiswahili, nikaongeza ya Kibende, lugha ya kwetu, na nilihakikisha nimesimama upande wa kulia. Akayapokea yote. Nilipoishiwa pumzi akauliza, pole pole, "Sasa hiyo halta ni kitu gani?"

Imakulata alikuwa analia bado. Nikavua kanga yangu begani, nikamsimamisha, nikampitishia kanga nyuma ya mgongo chini ya makwapa, nikaleta ncha mbili mbele, nikazipishanisha kifuani, nikazifunga nyuma ya shingo. Vile vile tulivyofungwa sisi tukiwa wasichana wadogo tukienda kisimani, ili mikono ibaki huru.

Baltazari akamzunguka. Akatazama fundo, akatazama mabega.

"Ala! Hii si kanga ya shingoni? Miaka yote tunavaa! Si ungesema shingoni, mwanangu? Gauni la kufunga shingoni, ningelishona nikiwa nimelala!"

"Memsahibu anaita halta," Imakulata akasema huku analia, halafu akaanza kucheka katikati ya kilio, na mimi nikacheka, tukashikana. Baltazari hakucheka. Alikuwa ameshika mkasi.

Alikata gauni lile kabla ya jua kuzama. Nilimtazama. Alipofika kwenye kola yenye lesi, alifunga macho kidogo, akakata. Mikono miwili, kola, kipande cha mgongo, akaviweka pembeni, akavikunja vizuri. Mkia akaukata pia. Mikanda ya shingoni akaitoa kwenye kipande cha satini kilichobaki kwenye nguo ya mke wa karani wa stesheni. Nikamwambia satini inateleza. Akaniambia niache kumfundisha kazi.

Asubuhi tulikwenda sote watatu mahali lori la Inyonga linapopakia. Mimi nilisema tutakwenda kumuaga mgeni wetu, kuaga hakuna aibu. Baltazari akasema anakwenda kusahihisha maneno yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyasema. Nikamwonya, "Usiseme umeleta binti. Sema ulisikia vibaya, basi." Imakulata alijifunika kitenge mpaka masikioni. Baridi ilikuwa inauma, watu wanatoa moshi mdomoni.

Hilari alikuwa ameshapanda juu ya magunia ya chumvi, kati ya madebe matupu ya asali. Alipotuona alivua kofia lakini hakushuka.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema Baltazari. Akakohoa. "Baridi leo."

"Baridi kweli, baba."

"Nyuki wanaendeleaje?"

"Wapo tu, baba."

Yesu na Maria! Wanaume wawili wazima, dereva ameshashika usukani, na wao wanaulizana habari za nyuki! Nikamkanyaga Baltazari mguu. Akakohoa tena.

Imakulata akaona hali hiyo, na mnajua ana haraka. Akavua kitenge akanitupia mimi. Akasimama pale katikati ya barabara na gauni lake jeupe, mabega nje, mgongo nje, amefunga mikanda shingoni, na wapakiaji wote wakaacha magunia. Alikuwa mzuri mpaka nikasahau kuona aibu. Ngozi yote ilikuwa imesimama vipele kwa baridi.

"Hilari," akasema, na alimwita jina lake mbele ya baba yake, "hili ndilo gauni uliloliona. Ni la dansi. Baba alisikia vibaya. Mimi sijaposwa na mtu yeyote."

Hilari safari hii hakutazama miguu.

Na hapo, kama nilivyosema mimi na kama ninavyosema siku zote bila kusikilizwa, satini ikateleza. Fundo likaachia. Imakulata akapiga ukelele, akakumbatia kifua kwa mikono yote miwili, gauni likabaki kwa neema ya Mungu tu. Nikamrukia kwa nyuma na kitenge. Wapakiaji wakageuza nyuso, wengine taratibu mno, nikawataja mama zao.

Nilipoinua macho Hilari alikuwa chini. Sikumwona akiruka. Debe moja lilikuwa bado linabingirika.

"Mikanda inateleza, mama," akasema, haraka haraka, sijawahi kumsikia anasema haraka. "Inataka nta."

Akaingiza mkono mfukoni akatoa kipande. Hata safarini alikuwa nacho! Cha kumletea nani, kama si sisi?

"Niruhusu, mama."

"Paka," nikamwambia. "Lakini shingo usiguse."

Akashika ncha za mikanda, moja moja, akazipaka nta kwa kidole gumba, mkanda wote, mpaka satini ikaacha kung'aa. Mikono yake ilikuwa na makovu ya nyuki. Shingo hakugusa, namshuhudia. Alinirudishia ncha, nikafunga mimi. Fundo likashika kama limepigiliwa misumari.

Dereva akapiga honi. Hilari hakugeuka. Alikuwa amesimama kushoto kwa mume wangu, upande ule uliokufa, na hapo hapo, katikati ya honi na mngurumo wa lori, aliamua kusema maneno aliyoyakalia kwenye kiti changu muda wote ule. Hakutuma mshenga. Hakuzunguka. Aliyasema kwa sauti ndogo, kwa sikio lisilosikia, na alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile.

"Baba, likimaliza kucheza dansi hili gauni, naomba nilipeleke altare. Nimpeleke Imakulata altare."

Baltazari ametazama mbele, uso kama ukuta. Nikasema moyoni, tumekwisha, yametupotea tena.

Imakulata naye aliona hivyo hivyo. Akakimbia akamzunguka baba yake, na safari hii, namshukuru Mungu, hakukosea upande. Akamshika koti, akamlilia kwenye sikio la kulia:

"Baba! Umesikia? Amesema altare!"

Mume wangu akaingiza mkono ndani ya koti lake la Jumapili, akatoa kifurushi. Akakifungua taratibu kama kawaida yake. Vipande vyote alivyovikata Ijumaa vilikuwa humo, vimeunganishwa vimekuwa kikoti kimoja, cha kuvaliwa juu ya mabega yaliyo wazi, mikono mirefu, kola mpaka kidevuni, na lesi ya Tabora imeizunguka yote, haijapungua hata uzi. Nami niliyelala naye nyumba moja sikujua alikishona saa ngapi.

Akamwekea binti yake mabegani. Macho yalikuwa yamemjaa maji.

"Kwani mimi nilisikia nini?" akasema.